Kigari changu cha 309 kimepulizwa vanishi dukani bila ya ruhusa yangu!

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika huku mikono inanitetemeka kwa hasira.

Wiki sita nimekaa nikiunda kigari kimoja cha mfano: gari ya shamba ya abiria, njia namba 309, ile ya Jambiani hapa Unguja, bodi ya mbao, kipimo cha 1:24. Mnaoifanya kazi hii mnajua maana yake. Kichwa cha bolti cha milimita 24 kwangu ni milimita 1, na kila kimoja nimekitona kwa ncha ya sindano na gundi, bodi nzima. Kutu sikuipaka ovyo, niliitia pale tu maji ya mvua yanapotuama, kwenye maungio ya bati. Kisha nikazimua rangi ya mafuta ya kahawia kwa tapentaini, nikaiacha iingie yenyewe baina ya mbao.

Na vumbi! Vumbi la kule ni jeupe, la mawe ya matumbawe, si jekundu kama la mashamba ya karafuu. Nilisaga chaki, nikaipuliza chini ya matgadi na nyuma ya ngazi.

Nikakipeleka duka moja Mji Mkongwe, tukakubaliana kikiuzwa tugawane. Jana napita, nakikuta kinameremeta kama halua. Mwenye duka kakipuliza vanishi ya samani! Nukta zangu zimezama. Vumbi lote limepotea, maana unga wa chaki ukishalowa vanishi hauonekani tena.

"Mzee wangu, kwa nini?"

"Mwanangu, mgeni hanunui gari chafu. Nimekusaidia."

Kunisaidia! Uchafu ule ndio kazi yenyewe. Mgeni aliyepanda 309 akashuka nywele nyeupe, akiliona vumbi lile anajua ni gari gani. Na hata kama kisingenunuliwa mwaka mzima, kwa nini asinipigie simu kwanza?

Rafiki yangu kaniambia nipake vanishi isiyong'aa juu yake. Mng'ao utakufa, sawa, lakini vumbi halirudi, wala nukta. Kuisugua kwa tapentaini sithubutu, rangi yangu ya mafuta iko chini yake, itatoka nayo.

Kwake kimebaki kingine, cha 502 ya Bububu. Kesho asubuhi duka likifunguliwa tu nakwenda kukichukua. Aliyewahi kuvua vanishi ya samani bila ya kuharibu rangi ya chini, tafadhali aniandikie kabla sijakigusa hiki cha 309.