Nimempata aliyeniteka nikiwa na miaka 11. Naombeni ushauri

Binti_Rufiji: Shikamooni wakubwa. Oktoba 2018 nilitekwa nikitoka madrasa, nikafungwa kitambaa machoni siku nne. Wiki hiyohiyo nchi nzima ilikuwa inamtafuta yule tajiri Mo Dewji, naye alikuwa ametekwa. Kwao walitangaza zawadi ya shilingi bilioni 1, kwetu mama aliuza kiwanja. Alipolipa, nikatupwa barabarani alfajiri. Hakukamatwa mtu. Sasa nina miaka 18, nimempata. Ana duka la vifaa vya ujenzi. Nataka naye aonje. Je, ukimshikilia mtu usiku mmoja tu bila kumdhuru, sheria inasemaje?

Fundi Bati: Marahaba, pole mdogo wangu. Nazikumbuka siku zile. Mo alichukuliwa Oysterbay tarehe 11, akapatikana tarehe 20 viwanja vya Gymkhana. Nilikuwa napaua nyumba Masaki, redio hatukuizima.

Mama Salma: Mwachie Mungu, mwanangu. Mimi shemeji zangu walinidhulumu nyumba, nikanyamaza. Leo nalala usingizi wangu.

Kijana wa Sheria: Umshikilie nani? Mwanaume mzima humuwezi peke yako. Sema yote.

Binti_Rufiji: Mwanawe. Ana miaka 7. Nilimkuta nje ya shule, nikamwambia baba kanituma. Yupo hapa anakula chipsi mayai, wala hajalia. Mimi nililala sakafuni siku nne! Huyu nimempa kitanda changu.

Kijana wa Sheria: Huo ndio utekaji wenyewe, hata ungempa pilau.

Kaka Temeke: Hii chai. Ulifungwa macho, sura yake umeijuaje?

Binti_Rufiji: Sijasema sura. Nilipokuwa nalia alikuwa ananiambia, "Hesabu adhana, ya tano utakwenda kwenu." Ikifika ya tano ananiambia nianze upya. Mwezi uliopita nimekwenda kununua misumari, nikamsikia anaaga mwanawe: "Hesabu adhana, ya tano nitakuwa nimerudi." Sauti ileile. Misumari niliiacha kaunta.

Kaka Temeke: Maneno hayo anaweza kuyasema yeyote. Chai.

Mama Salma: Kaka, iwe chai isiwe chai, kama mtoto yupo, mama yake sasa hivi anazunguka mitaani bila viatu. Binti, mama yako alizunguka hivyohivyo. Piga 116, namba ya msaada kwa watoto, au mpeleke polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto.

Binti_Rufiji: Nikienda nafungwa mimi. Yeye anabaki na duka lake.

Kijana wa Sheria: Mpeleke kwa miguu yako kabla hawajakufuata. Mama yako aje pia, aeleze ya 2018. Mambo mawili, maelezo mawili. Usiruke lako.

Fundi Bati: Uko wapi? Nina bajaji, nije na mke wangu tukusindikize?

Binti_Rufiji: Isha imeadhiniwa. Kaacha kula, kaniuliza, "Dada, hii si ndiyo ya tano?"

Namvalisha viatu. Mama nimeshampigia, tunakutana kituoni.