Banda la kuku ndani ya malisho ya mbuzi: lijengwe wapi na vipi?

Mfugaji wa Kongwa

Ndugu wafugaji, salaam. Nina malisho ya ekari mbili hivi hapa Kongwa, yaliyozungushiwa boma la miiba, ambamo wanashinda mbuzi kumi na wanane, wengi wao chotara wa Malya, aina ya mbuzi iliyozalishwa hapa Tanzania. Nataka kuingiza humo kuku wa kienyeji wapatao arobaini, wajitafutie wadudu mchana na jioni wapate pa kulala. Wapo wanaonishauri nitenge kona ya zizi la mbuzi na kuweka vichaga humo, ili niokoe bati na mbao, nao mbuzi wawalinde kuku dhidi ya kicheche. Wengine wananionya kwamba wataambukizana magonjwa. Naomba ushauri kuhusu ukubwa wa banda, mahali pa kuliweka na namna ya kuwazuia mbuzi wasiingie, kwa kuwa mbuzi wangu hawana adabu hata kidogo. Paa la jiko wameshalipanda.

Afisa Mifugo Mstaafu

Washinde pamoja bila wasiwasi, lakini wasilale pamoja wala wasile pamoja. Hatari kubwa kwa mbuzi wako si kuku, ni chakula cha kuku. Mbuzi asiyezoea nafaka akibugia pumba, mahindi ya kuparaza au chakula cha kutagia, wanga ule huchachuka haraka tumboni, asidi hupanda, na vijidudu vinavyomsaidia kumeng'enya majani hufa. Ndipo utakapomwona amejitenga, hacheui, anasaga meno, tumbo limejaa na baadaye anaharisha, na asipotibiwa mapema anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo chakula cha kuku kiwe mahali ambapo mbuzi hafiki kabisa, na mifuko yake isihifadhiwe humo malishoni.

Kuhusu magonjwa, mengi hayavuki. Mdondo (kideri), ugonjwa wa kuku, haumwingii mbuzi, wala homa ya mapafu ya mbuzi haimpati kuku. Hata koksidia, vijidudu vya utumbo vinavyosababisha kuharisha damu, kila mnyama ana vya kwake. Kinachovuka ni bakteria wa salmonela, kupitia maji na vihori vilivyochafuliwa kwa kinyesi. Jambo jingine ambalo wengi hulipuuza ni mzoga: kuku aliyekufa asiachwe majanini, kwa kuwa mzoga unaooza huweza kuzalisha sumu ya botulini, inayowapooza na kuwaua wanyama wanaocheua.

Kona ya zizi sikushauri. Kuku watanyea migongo na vihori vya mbuzi usiku kucha, nao watavuta hewa kali ya mkojo wa mbuzi, inayoharibu njia zao za kupumua. Na huyo mbuzi mlinzi mimi sijapata kumwona. Kicheche hupita kando yake naye anaendelea kucheua.

Fundi wa Mabanda, Morogoro

Kwa kuku arobaini, hesabu kuku watano kwa kila mita moja ya mraba, utapata banda la mita 4 kwa 2. Kila kuku apewe sentimita 20 za kichaga, hivyo safu mbili za mita 4 zinatosha. Pande ndefu zitazame kaskazini na kusini ili jua lisiingie moja kwa moja. Wavu mwepesi wa kuku usiutegemee upande wa chini, maana pembe za mbuzi huutoboa na kicheche hupenya palepale. Mita ya kwanza kutoka ardhini jenga kwa mabanzi au matofali, na wavu uanzie juu yake. Nguzo zizame vizuri, kwa sababu mbuzi watajikuna hapo kila siku.

Mlango wa kuku uzungushie ua mdogo wa fito zilizosimama, zikiachana kiasi cha sentimita 15. Kuku atapita, mbuzi mkubwa atabaki nje akichungulia. Mwana-mbuzi aliyezaliwa juzi anaweza kujipenyeza, ila huyo bado ananyonya na nafaka haimvutii. Akianza kula, kifua chake kitakuwa kimeshapanuka. Chakula na maji ya kuku viwe ndani ya ua huo. Kuhusu paa, usijenge karibu na kichuguu, jiwe kubwa au rundo la kuni, kwani ndizo ngazi zao.

Mama wa Kajiado

Naunga mkono, ila naona faida ya kuwashindisha pamoja imepitiwa haraka. Utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 1991 uliwaachia kuku wa kienyeji wazunguke kati ya ng'ombe wenye kupe kwa nusu saa hadi saa moja, kisha kupe wakahesabiwa katika magole na mafirigisi: kila kuku alikutwa na kupe kati ya 3 na 331, wastani 81. Hao walikuwa ng'ombe, na walikuwa na kupe wengi, kwa hiyo usiache kuogesha. Lakini fungulia kuku asubuhi mbuzi wakiwa bado wamelala wanacheua, nawe utawaona wakidonoa masikioni na kwenye kwato. Siku ya kuogesha, na siku chache zinazofuata, kuku wabaki uani, wasile kupe wenye dawa.

Mfugaji wa Kongwa

Nashukuru sana, mzee, pamoja nanyi wengine. Kona ya zizi nimeiacha. Je, vifaranga watoke lini, na nifanyeje kuku wasinywe kwenye hori la mbuzi?

Afisa Mifugo Mstaafu

Hori liinue, na juu yake weka ufito unaojizungusha wenyewe ukiguswa, ili kuku akitua ateleze. Wakiwa na maji safi karibu, hawatahangaika nalo. Vifaranga wakae bandani hadi wapate miezi miwili, maana kabla ya hapo kwato za mbuzi na mwewe watakumalizia. Kabla hujawatoa, hakikisha wamepata chanjo ya mdondo ya I-2, tone moja jichoni, na uirudie kwa kuku wote kila baada ya miezi mitatu.