"Don't late" kosa lake liko wapi?

Baba_Wawili: Wakuu habari za jioni. Dogo wangu yuko form one, kwenye homework kaandika "Don't late" na "Are careful", zote zimepigwa kosi, mwalimu kasahihisha "Don't be late" na "Be careful", halafu dogo ananiuliza mimi, nami nimekwama. Kiswahili nasema usichelewe, neno moja basi. Hiyo be inatoka wapi, na mbona isiwe are wakati tunasema you are late?

Ticha_wa_Zamu: Mkuu, chelewa kwetu ni kitenzi kamili, kinajibebea amri chenyewe. Late kwao ni kivumishi tu, sasa huwezi kuamrisha kivumishi mpaka kipate kitenzi kishirikishi cha kukishika, yaani kinachounganisha mtu na sifa yake, kama be. Hata sisi tunayo hiyo, huwezi kumwambia mtu "mpole!" ukaona umemuamrisha, utasema kuwa mpole au uwe mpole. Kuhusu are, amri ya Kiingereza inatumia kitenzi kikiwa kitupu na you inafichwa. You go inakuwa Go, hapo huoni kilichobadilika, ila you are ikiwa Be ndo unashtuka.

mpemba_mtoro: Na sio be peke yake, kuna "Stay calm", "Keep quiet", "Get ready", ukipanda ndege utasikia "Remain seated". Vyote vinafuatwa na kivumishi, kwa hiyo "Be carefully" hamna, ni "Be careful" ila "Drive carefully" sababu drive ni kitendo.

Baba_Wawili: Sawa, ila si tulifundishwa be haitaki do? Tunasema I am not late, sasa Don't be imepitaje?

Ticha_wa_Zamu: Hahaa hapo umegusa penyewe. Kwenye amri tu ndo be inakubali do, mpaka kwenye kusisitiza, "Do be careful". Zamani walisema "Be not afraid", iko kwenye Biblia ya King James ya 1611, leo ukiongea hivyo watu watadhani unahubiri.

Sista_Duu: Mimi nachanganyikiwa na taste na look jamani, ni vitendo au vishirikishi?

mpemba_mtoro: Dada weka be mahali pake uone. "Taste the soup" ikiwa "Be the soup" umeshakuwa supu 😂 kwa hiyo hapo ni kitendo cha kuonja. Ila mpiga picha akisema "Look happy", "Be happy" inakaa, hicho ni kishirikishi. Seem ndo usihangaike nayo, haiamrishwi.

Baba_Wawili: Asanteni wakuu, nimeenda kumweleza dogo kanijibu "Be patient baba", anamalizia katuni kwanza.