Springi za valvu za 4A-GE, nichukue ngumu kiasi gani?

hedi_wazi: Wakuu habari zenu. Nina injini ya Toyota, 4A-GE ya valvu 16, ile ya cc 1587, hedi iko chini tayari, gari ni ya autokrosi. Nimepata kemu (shafti zinazosukuma valvu) za digrii 272, lifti (valvu inavyofunguka) milimita 8.5, nataka injini ivute mpaka 8,200 rpm valvu zisianze kuelea, yaani kuchelewa kufunga. Kuna jamaa ana springi za dabo (moja ndani ya nyingine) anasema ndo ngumu kuliko zote sokoni, ila hana karatasi ya vipimo. Nibebe tu yaishe?

spana_14: Beba mkuu, ngumu ndo mpango mzima 😂

mzee_wa_venia: Usimsikilize huyo. Springi ikizidi ugumu inakula kemu na baketi (vikombe vilivyo kati ya kemu na valvu), mkanda wa taimingi nao unateseka, na farasi haongezeki hata mmoja. Springi unaifuata kemu, kwa hiyo muulize aliyetengeneza kemu anataka kilo ngapi valvu ikiwa imefunga na ngapi ikiwa wazi mwisho. Halafu pima na venia (kipimio cha milimita) urefu wa springi ikishafungwa kwenye hedi. Tuseme umepata milimita 34, toa lifti 8.5 inabaki 25.5, sasa kama springi yenyewe inajibana waya kwa waya ikifika 24 una milimita 1.5 za usalama, hapo poa, ila ikishuka chini ya 1 mimi sifungi. Angalia na riteina (kisahani kinachoishika springi juu ya valvu) isije ikagonga sili ya valvu ikishuka. Na kwa lifti hiyo shimu (visahani vya kurekebisha nafasi ya valvu) za juu ya baketi zinaweza kurushwa, tafuta za chini ya baketi.

hedi_wazi: Asante mzee, shida sina mashine ya kupimia springi

mzee_wa_venia: Mashine ya kutobolea ya mezani unayo? Weka mizani ya bafuni chini yake, bana springi mpaka 34 usome kilo, bana mpaka 25.5 usome tena. Pima zote 16, ikiwepo moja legelege kuliko wenzake irudi ilikotoka.

boost_mbele: Na sisi wa turbo je?

mzee_wa_venia: Boost (presha ya turbo) inasukuma mgongo wa valvu ya inteki, ile ya kuingiza hewa. Valvu ya milimita 30 kwa bar 1 ni kama kilo 7 hivi, na hizo zinapunguza nguvu ya springi kufunga, so ongeza kiasi hicho, usiongeze kilo 30 kwa woga.

spana_14: riteina za taitaniamu je, ni lazima?

mzee_wa_venia: Kwa 8,200 chuma kizuri kinatosha, hela hiyo weka kwenye sili na gaskiti mpya.

hedi_wazi: Nimemwambia jamaa anipe springi moja tu nikaipime kwanza, kanuna na hapokei simu tena 😅