Ramani ya ukutani imetuzungusha hospitali nzima. "UKO HAPA" ni wapi?

Wakuu, salamu nazifupisha, nimevurugwa.

Juzi nimempeleka mama hospitali moja kubwa (jina nalihifadhi). Goti limevimba, anatembelea fimbo. Karatasi ya daktari imeandikwa "Eksirei". Mapokezi kuna ramani kubwa kama mlango, inang'aa kweli kweli. Natafuta eksirei, haipo. Kumbe humo wameiita "Uchunguzi kwa Picha", na kibao cha mlangoni, nilikuja kukiona baadaye, kinasema "Radiolojia". Chumba kimoja, majina matatu!

Haya, ramani inasema tukunje kulia. Tumekunja. Tumemaliza korido yote, tumetokea wanakofulia mashuka. Mama hasemi kitu, anahema tu. Nikamkalisha kwenye benchi, nikarudi kuikodolea macho tena, ndipo nikashtuka: kaskazini wameiweka juu, wakati ukisimama kuisoma umeelekea kusini. Kulia kwa ramani ni kushoto kwako! Mgonjwa gani anakuja hospitali na dira?

Na wala si jambo geni. Mwanasaikolojia Mmarekani Marvin Levine aliliandika tangu 1982: ramani ya namna hii igeuzwe ilingane na anakotazama msomaji, kilicho mbele yake kikae juu. Miaka zaidi ya 40 sasa, watu bado wanachapa picha moja na kuibandika kila ukuta. Ukiikuta hiyo hiyo, bila kugeuzwa, kwenye kuta mbili zinazotazamana, ujue angalau moja inakupoteza.

Alama yenyewe ya "Uko hapa" imefutika. Vidole vya watu vimeisugua mpaka pamebaki doa jeupe, na kusema ukweli hilo doa ndilo lililonionyesha nilipo. Majengo wameyatofautisha kwa kijani na nyekundu. Mimi rangi hizo mbili sizitofautishi, na wanaume wa aina yangu tuko wengi tu. Wangeandika herufi kubwa A na B wangepungukiwa nini?

Najua atatokea mtu aniambie ramani nzuri ni ile iliyorahisishwa, kama ya treni za chini ya ardhi za London aliyoichora Harry Beck, ikatoka 1933. Sawa, Beck alinyoosha mistari na kupuuza umbali, lakini abiria wa treni hakunji kona mwenyewe. Mwenye fimbo anataka kujua ngazi ziko wapi na lifti iko wapi. Hii yetu haina hata kimoja, ila nembo imewekwa mara tatu.

Nikamuuliza mlinzi. Akacheka: "Hiyo? Hata sisi hatuisomi, kaka. Pita huku, nyuma ya duka la dawa." Dakika mbili tukafika.

Mlio kwenye fani ya usanifu, naombeni jibu: kabla ya kuchapa, kuna anayekwenda kusimama pale itakapotundikwa?