Kikombe cha mchezaji bora wa briji: tuhesabu vipi?

Kopa_Mikindani: Wadau, habari za huko. Tuko wanane, tunacheza briji (karata za wawili dhidi ya wawili) Shangani kila Jumamosi. Tunataka kikombe cha mchezaji mmoja, siyo cha jozi. Tukijumlisha alama za jozi, mwenye mwenza hodari anabebwa. Tufanyeje?

Turufu_Lindi: Fishbein Trophy ya Amerika Kaskazini hupewa aliyevuna alama nyingi za ubingwa katika mashindano ya kiangazi, hata kama amezivuna na timu kali. Kwa wanane msiige hilo. Badilisheni wenza kila raundi.

Pigeni kura ya namba 1 hadi 8. Raundi ya kwanza, meza A: 8 na 7 Kaskazini-Kusini, 4 na 5 Mashariki-Magharibi. Meza B: 1 na 3 Kaskazini-Kusini, 2 na 6 Mashariki-Magharibi. Kisha 8 habanduki. Wengine wote husogea kila raundi: kiti cha 4 anakalia 5, cha 5 anakalia 6, na kadhalika, na cha 7 anakalia 1. Baada ya raundi 7 kila mtu ameshirikiana na kila mwenzake mara 1 na kupambana naye mezani mara 2. Msibadilishe pande hizo, zina mizani yake.

Bodi (kishikizi cha karata za mgao mmoja, ili meza ya pili icheze karata zile zile) 3 kwa raundi, zile zile meza zote mbili, jumla 21. Hamna bodi? Bahasha nne kwa kila mgao zinatosha, ila kila mtu aweke karata zake mbele yake, asizitupe katikati.

Kopa_Mikindani: Na alama?

Shupaza_Masasi: Linganisheni meza mbili kwa IMP, yaani tofauti ya alama za meza mbili hugeuzwa kuwa pointi ndogo kwa jedwali maalumu. Mfano: A, Kaskazini-Kusini wametimiza kopa 4 (ahadi ya kushinda mikono 10, kopa ikiwa turufu), +420. B, Kaskazini-Kusini wameahidi hivyo hivyo wakaanguka kwa mkono mmoja, -50. Tofauti 470 ni IMP 10. Wawili wa A Kaskazini-Kusini na wawili wa B Mashariki-Magharibi wanapata +10 kila mmoja. Wanne waliobaki -10. Jumla ya wote wanane lazima iwe sifuri. Isipokuwa sifuri, mara nyingi kuna aliyeandika alama upande usio wake.

Turufu_Lindi: Nyongeza muhimu: wote mtumie mfumo mmoja mwepesi wa kunadi (maana ya kila tamko kabla ya kucheza), uandikwe kwenye karatasi. Mwenza anabadilika kila raundi, hamtapata nafasi ya kupatana. Na bodi 21 ni chache mno kwa kikombe, bahati ina nguvu. Chukueni wastani wa Jumamosi kadhaa, namba zipigiwe kura upya kila mara, na wekeni idadi ya chini ya mahudhurio. Mkijumlisha tu, atashinda asiyekosa kuja.