Kwa nini samaki wa mwambani hutofautiana kati ya pande mbili za Kisiwa cha Mafia?

Mwanafunzi_Mafia:
Habari zenu wanajamvi. Ndani ya Ghuba ya Chole, upande wa mashariki, pono, kangaja na vitatange ni wengi, lakini upande wa magharibi unaotazama delta ya Rufiji ni haba. Bahari ni hiyohiyo na umbali si mkubwa. Je, ni joto, kina au chakula kinachoamua samaki akae wapi?

Mwalimu_wa_Baiolojia:
Anza na tope. Mto Rufiji humwaga baharini maji yasiyo ya chumvi yaliyobeba udongo, hasa wakati wa masika, nayo hupunguza chumvi na kuzuia mwanga. Matumbawe, yaani wanyama wadogo wanaojenga mwamba, hutegemea mwani mdogo sana unaoishi ndani ya miili yao na kuwatengenezea chakula kwa jua, kwa hiyo mwanga ukipungua hudhoofika, na tope likiwatulia juu huwasonga. Palipo na matumbawe machache hakuna mapango ya chewa kujifichia, na kitatange anayekula matumbawe yenyewe hana cha kula. Hata hivyo, usiihesabu tofauti yote kuwa ya maji, maana Ghuba ya Chole imo ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, na masharti ya uvuvi pia huongeza samaki.

Baharia_wa_Kusi:
Nakubaliana na Mwalimu, ila mkondo usiachwe nyuma. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, maji hupita kwa nguvu katika Mlango wa Kinasi, njia ya kuingilia Ghuba ya Chole, yakileta viumbe vidogo vinavyoelea, na ndiyo maana mbono hukusanyika hapo kwa makundi, wameuelekezea mkondo vichwa. Kusi likivuma, mwamba wa nje hupigwa na mawimbi kiasi kwamba ni samaki wenye nguvu ya kuogelea tu wanaoumudu, ilhali ndani ya ghuba hali ni tulivu. Ukihesabu samaki, andika saa ya maji na msimu wa upepo, la sivyo utalinganisha vitu visivyolingana.

Mwanafunzi_Mafia:
Nashukuruni sana. Je, joto halina nafasi?

Mwalimu_wa_Baiolojia:
Linayo, na kubwa. Mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kawaida, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa. Vitatange wanaotegemea matumbawe hai huathirika mapema, ilhali kangaja wanaokula mwani huweza kuendelea kupata malisho juu ya matumbawe yaliyokufa, mpaka mwamba unapomomoka na maficho kutoweka.

Tena usipime mwamba peke yake. Pono na changu wengi hukulia kwenye majani ya bahari kabla ya kuhamia mwambani, na baadhi ya changu huanzia kwenye mikoko. Katika kila kituo chako, pima pia umbali wa kuyafikia majani na mikoko iliyo karibu.